Raha ya Kutojua na Anayeilipia

Ukimchunguza sana bata, humli. Usemi huu hutolewa kwanza mezani, kisha huhamia kwenye mambo mazito kuliko kitoweo. Mtu akitaka kujua fedha za harusi zimetoka wapi, huambiwa habari ya bata. Mke akitaka kufuatilia safari za mumewe, mama yake mdogo humvuta pembeni na kumwambia hayohayo. Watu wa pwani wanao pia ule wa funika kombe mwanaharamu apite, na nia yake haiko mbali: yapo mambo ambayo yakifunuliwa, nyumba haikaliki tena.

Sipendi misemo hii ibezwe. Haikutungwa na wavivu wa kufikiri. Imetungwa na watu wanaoishi ukuta kwa ukuta, wanaochota maji kisima kimoja na kuzikana, ambao wamejionea wenyewe kwamba ukweli ukitupwa ovyo huvunja undugu. Lakini Kiswahili hichohicho kinasema kuuliza si ujinga, na kinasema usilolijua ni usiku wa giza. Wahenga hawakukata shauri. Wametuachia kesi ikiwa na pande zake zote mbili, na kila mmoja wetu, kwa wakati wake, hulazimika kuihukumu: nijue nisononeke, au nisijue nilale usingizi?

Nitaichambua kesi hiyo nikiwa na kisiwa kimoja mbele yangu, Chole, kwenye ghuba ya kusini-mashariki mwa Mafia. Ni kisiwa kidogo ambacho mtu hukizunguka kwa miguu asubuhi moja. Anayekwenda hupanda mashua Utende, ng'ambo ya pili, akashukia karibu na magofu ambayo mizizi ya miti imezikumbatia kuta zake. Chole ilikuwa makao ya utawala wa Mafia enzi za Masultani wa Unguja, na Wajerumani, waliopata Mafia kwa mapatano ya 1890, walikaa hapo kabla ya kuhamishia ofisi zao Kilindoni. Leo ni kisiwa cha wavuvi, wakulima, mafundi wa vyombo na wasukaji wa mikeka, na popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa na kuruka kwa makundi jua linapotua.

Mgeni akikaa hapo siku mbili, mara nyingi hutoa sifa ambayo mwenyewe huiona ni njema: watu hawa wana furaha kwa sababu hawajui mahangaiko ya dunia. Sifa hiyo ni tusi, hata kama aliyeitoa hakukusudia. Kisiwa hiki kimeijua dunia tangu zamani. Jirani yake Juani kuna magofu ya Kua, mji uliofanya biashara ya bahari na ukavamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka 1915 Waingereza waliiteka Mafia na kuifanya kituo cha kuiwinda manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Ndege zilipaa kutoka Mafia wakati ambapo wilaya nyingi za bara hazijawahi kusikia mlio wa ndege. Utulivu wa Chole, pale ulipo, haukuzaliwa na kutojua. Umetokana na adabu, dini, ujamaa wa nasaba na uzoefu wa kuishi na bahari, na kila kimojawapo kinadai maarifa mengi.

Wanafalsafa wa Ulaya na Marekani wameligeuza swali hili kwa namna nyingi. Sokrate alihukumiwa kifo mjini Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, akikataa kuacha kuhoji. Mwingereza John Stuart Mill, katika karne ya 19, alishikilia kwamba kutoridhika kwa mwenye akili kunashinda kuridhika kwa mpumbavu. Mmarekani Robert Nozick, mwaka 1974, aliwaza mashine inayoweza kumpa mtu kila raha bila yeye kujua kwamba yumo ndani ya mashine, akauliza nani angekubali kuingia. Ni hoja nzuri. Upungufu wake ni kwamba zote zinampima mtu mmoja na furaha yake mwenyewe, kana kwamba anakaa peke yake: nikijua napata nini, nisipojua napoteza nini. Chole hakuna mtu anayekaa peke yake. Ukipima kutojua kisiwani, hesabu ya mtu mmoja haitoshi, kwa kuwa raha anaipata huyu na gharama analipa yule.

Kisa kinachofaa zaidi kwa Chole kinasomwa Chole kwenyewe, na husomwa kila Ijumaa na wale wanaoshika sunna ya kusoma Suratul-Kahf. Ni kisa cha Nabii Musa na yule mja mwenye elimu ambaye wanazuoni humwita Khidhri. Musa aliomba amfuate ili afundishwe. Akapewa sharti moja: asiulize neno mpaka aelezwe. Wakapanda chombo, na yule mja akakitoboa. Musa akashindwa kuvumilia, akauliza. Akauliza tena mara ya pili na ya tatu, na kwa mara ya tatu wakaachana. Lakini kabla hawajaachana alielezwa kila kitu. Chombo kilikuwa cha maskini wanaofanya kazi baharini, na nyuma yao kulikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima. Kutobolewa ndiko kulikokiokoa.

Wapo wanaokitumia kisa hiki kuwanyamazisha watu: Musa mwenyewe alikatazwa kuuliza, wewe ni nani? Mimi nakisoma vingine. Aliyekataza alikuwa na elimu kutoka kwa Mola wake, alitenda kwa faida ya maskini, na mwisho akatoa maelezo yote bila kuficha. Kimya alichokitaka kilikuwa cha muda, kisha kikafuatiwa na maelezo. Ukiondoa maelezo yale ya mwisho, kinachobaki ni mtu aliyetoboa chombo cha maskini akaondoka zake.

Qurani yenyewe inayaweka mambo haya mawili karibu. Inamwelekeza asiyejua awaulize wenye kujua, na mahali pengine, katika Suratul-Maida, inawaonya waumini wasiulize mambo ambayo wakibainishiwa yatawaudhi. Nabii Ibrahimu naye aliomba aonyeshwe jinsi wafu wanavyohuishwa, na hakukemewa: alisema anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad mwaka 1095 baada ya msukosuko wa moyo uliomfanya ashindwe kusomesha, na miaka baadaye akaandika waziwazi juu ya shaka iliyowahi kumkaba. Basi asije mtu akatuambia kwamba dini ya watu wa pwani imechagua upande wa kutojua. Imechagua adabu ya kuuliza, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Adabu hiyo utaiona kwa fundi wa vyombo. Chole ina sifa ya uundaji wa mashua na majahazi, na kazi huanza bila mchoro wa karatasi. Kijana anayejifunza haruhusiwi kumkatiza fundi kwa maswali kila dakika. Hupewa tezo, hushika ubao, huchonga, hukosea, hurudia. Hutafutiwa mti uliopinda wenyewe ili utoe taruma lenye mkunjo unaotakiwa, naye hujifunza kuutambua mti huo ungali porini. Huingiza kalafati katika maungio ya mbao. Mtu wa mbali atadhani kijana huyu ananyamaza kwa sababu hana hamu ya kujua, kumbe mikono yake inauliza saa zote, na siku chombo kinaposhushwa majini swali hujibiwa mbele ya watu: kinavuja au hakivuji. Fundi anayekataa kuona uvujaji ili asifadhaike hakai na jina lake kwa muda mrefu. Wanawake wanaotoka na maji ya bamvua kutafuta pweza mwambani nao wana elimu ya namna hiyo. Wanajua mwezi, wanajua mashimo, wanajua lini maji yatarudi. Raha ya kutojua hapo ni kuzama.

Pamoja na hayo, dola iliwahi kuitangaza Mafia kuwa mahali penye ujinga wa kufutwa, na habari hii inafaa kukumbukwa kwa makini. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka ulipokuwa unaisha alitaja wilaya 6 ambazo zingefuta kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa 1971: Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Pare na Rungwe. Mafia ikawa mstari wa mbele katika vita dhidi ya mmoja wa wale maadui watatu, ujinga, umaskini na maradhi. Watu wazima walikaa darasani baada ya kazi. Vitabu vya kisomo vilifundisha herufi kupitia kazi za watu wenyewe: kilimo, mifugo, uvuvi. Kitaifa, sensa ya 1967 ilikuta watu wazima wapatao theluthi mbili hawajui kusoma, na mtihani wa 1975 ukakuta wamebaki 39 katika kila 100. Ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa kwa haraka, na hakuna Mtanzania anayepaswa kuionea haya.

Lakini kusoma ni jambo moja na kuuliza ni jingine. Mwenyewe Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Darasa la kisomo kwa kawaida lilikwenda upande mmoja: mwalimu anauliza, mwanafunzi mwenye mvi anajibu. Aliyehitimu aliweza kusoma tangazo lililobandikwa mtini. Kumuuliza aliyelibandika, "Kwa nini? Nani ameamua? Lini mlituuliza sisi?" lilikuwa somo ambalo halikuwamo kitabuni. Tangazo zito kuliko yote lilikuja Chole miaka 20 na kitu baadaye, nalo lilihusu bahari.

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo raha ya kutojua inapoonekana uso wake.

Kuvua kwa baruti kulikatazwa na sheria ya uvuvi ya 1970. Baruti ikaendelea kulipuka kwa miongo kadhaa. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa na watoto wao kwa pamoja, wengi huzama bila kuokotwa, na mwamba uliowalea huvunjika vipande. Tumbawe ni mnyama, tena wanyama maelfu wadogo wanaojenga nyumba ya chokaa huku wakilishwa na mwani mdogo sana unaoishi ndani ya miili yao. Yale ya mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka kila upande, basi tumbawe lenye upana wa mita 1 lina umri wa miaka 50 hivi. Baruti hulimaliza kwa kufumba na kufumbua. Mafia kulikuwa pia na uchimbaji wa matumbawe kwa ajili ya kuchoma chokaa na kujengea, jambo ambalo watafiti waliliandika katika miaka ya 1990.

Sasa tazama nani alikuwa hajui. Wavuvi wa Chole na wa kisiwa jirani cha Jibondo walijua vizuri sana kwamba baruti inaua bahari, na wakilalamika, walilalamikia hasa wavuvi waliotoka mbali, wengine Dar es Salaam. Asiyejua alikuwa mlaji wa mjini. Alinunua samaki wa bei nafuu, akamkaanga, akamla na familia yake, na hakutaka habari ya jicho lililovilia damu wala mfupa uliovunjika ndani ya nyama laini, dalili ambazo mchuuzi mzoefu huzitambua. Ukimchunguza sana samaki humli. Raha ile ilikuwa ya kweli, shibe ile ilikuwa ya kweli. Iliyolipa ni miamba ya Mafia, na mtoto wa Chole ambaye baba yake alirudi na ngalawa tupu. Ndiyo sababu nasema kutojua kwa kuchagua si suala la mtu binafsi na moyo wake. Ni deni, na anayelikopa mara nyingi hayupo siku ya kulipa.

Kwa hiyo lilipokuja wazo la hifadhi ya bahari, wengi Mafia walilipokea kwa matumaini. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ilipitishwa 1994, na mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Mafia ikawa ya kwanza nchini, ikiwa na eneo la kilomita za mraba 822, Chole ikiwa ndani yake. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Christine Walley, aliishi Chole miaka hiyo, akatoa kitabu mwaka 2004, Rough Waters, kinachoeleza jinsi matumaini yale yalivyochanganyika na uchungu. Watu waliotaka wapiga baruti wafukuzwe walijikuta nao wanadhibitiwa: nyavu hizi hapana, mahali hapa hapana. Na walipouliza, ilidhihirika kwamba wapo wanaohesabiwa kuwa wataalamu na wapo wanaohesabiwa kuwa wa kuelimishwa. Mvuvi aliyekijua kila kichwa cha mwamba kwenye ghuba aliingia mkutanoni akiwa mwanafunzi.

Nawatetea wahifadhi kwa jambo moja. Yako mambo ambayo mvuvi hawezi kuyaona kwa macho. Mwaka 1998 bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida kutokana na El Nino, na matumbawe ya Mafia yakapauka, mengi yakafa. Hakuna babu wa Chole aliyekuwa amesimuliwa jambo la namna hiyo, na hakuna kosa la mvuvi yeyote lililolileta. Ilihitajika elimu ya vipimo kueleza kwamba joto likizidi kwa digrii 1 tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto na kudumu kwa wiki kadhaa, ule mwani hutoka na tumbawe hubaki jeupe likifa njaa. Mtaalamu anayejua hayo ana haki ya kusema, "Tuache eneo hili lipumzike," hata kama siku ya kwanza inauma. Chombo kilichotobolewa huweza kuwa chombo kilichookolewa.

Ila arudi aeleze. Kipimo cha kisa cha Khidhri ni hicho, na hakimhusu afisa wa hifadhi peke yake. Kinamhusu mtafiti pia. Watu wa Chole wameulizwa maswali mengi na wageni wenye madaftari kuliko vijiji vingi vya Tanzania, na majibu yao yamesafiri kwenda vyuo vya mbali, yakaandikwa kwa Kiingereza. Kitabu cha Walley, ambacho nakiheshimu, ni cha Kiingereza. Mwingereza Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake Mafia mwaka 1965, alitoa pia kitabu cha Kiswahili, Mikidadi wa Mafia, juu ya maisha ya mwanaharakati wa kisiwani, ili wenyewe wakisome. Hilo ni jambo la kuigwa. Mtu akikuuliza maisha yako yote na asikurudishie alichojifunza, amekuacha katika kutojua kulekule, tena safari hii kutojua habari zako mwenyewe.

Upande wa pili wa kesi hauna budi kusikilizwa, maana kuna kutojua ambako mtu hukuchagua kwa akili timamu. Chukua virusi vya UKIMWI. Katika miaka ya 1990, mtu wa kijijini aliyeambiwa akapime alikuwa na sababu ya kukataa. Dawa za kufubaza virusi hazikuwa ndani ya uwezo wake. Angerudi na jibu ambalo asingeweza kulifanyia kitu, majirani wakamtenga, akalala akihesabu miezi. "Heri nisijue" haikuwa upumbavu. Ilikuwa hesabu. Kuanzia 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa hizo bure, hesabu iligeuka, na Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe walipopima hadharani walikuwa wanaitangazia nchi kwamba sasa kujua kuna faida. Waliobaki na jibu la zamani katika hali mpya walijidhuru, na wengine waliwadhuru wenzi wao na watoto waliokuwa hawajazaliwa.

Tunajifunza kwamba thamani ya kujua hutegemea kama kuna kitu mkononi cha kutenda. Wanaowalaumu wanavijiji kwa kutopenda kuuliza mara nyingi hawajaangalia kama swali lao limewahi kuzaa tendo. Mtu aliyeuliza kwenye mikutano mitatu bila kujibiwa hukaa kimya wa nne, na wa tano haji. Kutoka nje utamwona mtu asiyejali, anayetosheka na jahazi lake na kahawa yake ya jioni barazani. Raha yake ile huenda ni uchovu. Tukiiita ujinga, tutamletea semina. Tukiuona uchovu, tutamletea jibu la swali lake la kwanza.

Na jibu likiwepo, watu huuliza. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa za kimbunga Hidaya kikielekea pwani ya Tanzania. Vimbunga ni adimu katika latitudo zetu. Kile kilichoangamiza mikarafuu ya Unguja kilikuwa cha 1872, na kingine kiliipiga Lindi mwaka 1952. Mvuvi kijana wa Mafia hakuwa na kumbukumbu ya kimbunga, wala baba yake huenda hakuwa nayo. Ungetegemea watu wapuuze. Taarifa zilirudiwa redioni na kwenye simu, zikieleza kiko wapi na kinakwenda upande gani, kwa Kiswahili na kwa vipimo. Safari za boti zikasitishwa, wavuvi wakaonywa wasitoke. Tarehe 4 Mei Hidaya ilifika Mafia kwa upepo na mvua kubwa, kisha ikapungua nguvu. Taarifa ile iliwatia watu hofu, ndiyo. Usiku wa tarehe 3 asiyesikia redio alilala vizuri kuliko aliyesikia. Lakini hofu iliyokuja pamoja na la kufanya, yaani vuta chombo juu, funga paa, usiende baharini, iliwafaa kuliko usingizi ule.

Hukumu yangu basi ni hii. Yako mambo ya faragha ya jirani ambayo heshima inatutaka tusiyachungulie, na hapo kombe na lifunikwe. Iko siku ambayo mwenye elimu anaweza kutuomba subira kabla ya kueleza. Lakini katika kila jambo ambalo gharama yake inamwangukia mwingine, iwe mwamba, mtoto, mke au kijiji kizima, hatuna ruhusa ya kuchagua kutojua, hata kama kutojua kunatupa usingizi. Na mwenye mamlaka hana ruhusa ya kuuchagua usingizi huo kwa niaba yetu.

Msomaji wa Chole, na wa kijiji kingine chochote, zana za kuulizia unazo. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi 3, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake. Sheria ya hifadhi za bahari inataka halmashauri za vijiji zishirikishwe katika kupanga kanuni na maeneo ya matumizi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 za kujibu ombi lililoandikwa. Nenda kwenye mkutano ujao, uliza ada zinazolipwa na wageni langoni Utende zimefanya kazi gani mwaka huu, na omba jibu liandikwe kwenye muhtasari, kwa Kiswahili, libandikwe mahali ambapo kila mtu atalisoma.